Mini ya zamani: kuseti taiming wakati krenki haionekani

Mwalimu mmoja aliniletea Mini ya injini ya cc 998, rangi ya maziwa, aliyoinunua kwa mzee wa Eldoret. Kule juu ilikuwa inatembea bila shida. Alipoishusha huku Kisumu ikaanza kugonga kila akipanda mlima wa Riat: mlio wa kokoto ndani ya kopo, hasa kwenye gia ya tatu, mguu ukiwa umekanyaga.

"Fundi, plagi nimebadilisha, waya nimebadilisha, hata stesheni ya petroli nimehama. Taiming wanasema iko sawa."

Taiming ni wakati cheche inapopigwa, ukilinganisha na pale pistoni ilipofika. Nikamuuliza waliitazamia wapi. Akanieleza: walifungua boneti, wakalegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi moto, wakaizungusha hiyo distribyuta, injini ikiwa inanguruma, mpaka mlio ukawa mtamu, wakakaza. Hakuna aliyetazama alama yoyote.

Hili nimelikuta kwenye Mini karibu zote zinazoingia kwangu, na chanzo chake nakielewa. Injini ya Mini imelala kukata gari kwa upana. Krenki ni shafti inayozungushwa na pistoni, na puli yake imebanwa upande wa rejeta, karibu kabisa na bodi, na hakuna tundu la kupitishia hendeli kama kwenye magari mengine ya rika lake. Alama za taiming zimechorwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa kwenye ncha ya pili ya krenki, na flaiwili imefichwa ndani ya kava la klachi, upande wa dereva. Mtu akikosa pa kuangalia, anatumia sikio. Lakini injini isiyo na mzigo hupenda moto upige mapema: ukiusogeza mbele kidogo inaongeza mzunguko na mlio unakuwa laini. Kwa hiyo anayefuata mlio huishia mbele kupita kiasi, na gari halilalamiki mpaka likutane na mlima.

Ndiyo maana mimi sigusi distribyuta ya Mini, iwe na ugonjwa gani, kabla sijaiona pistoni ya kwanza iko wapi.

Kuiona alama

Juu ya kava la klachi kuna kibao kidogo cha bati kilichoshikwa na bolti mbili. Kifungue. Ndani utaona ukingo wa flaiwili, na pembeni mwa tundu kuna ncha ya chuma, hiyo ndiyo kielekezo. Kwenye flaiwili tafuta mstari wenye 1/4. Mstari huo ukikaa sawa na kielekezo, pistoni ya kwanza na ya nne ziko kileleni. Flaiwili nyingi zina mistari mingine ya digrii 5 na 10 kabla ya kilele. Macho hayafiki pale moja kwa moja, kwa hiyo tumia kioo. Changu nilikinunua soko la Kibuye, ni kile cha kopo la poda, nikakifunga kwenye waya mgumu uliopindwa. Futa ukingo kwa kitambaa chenye petroli kidogo, betri ikiwa imetolewa, kisha paka rangi ya kucha nyeupe kwenye mstari unaouhitaji. Usipake yote. Nimewahi kukuta flaiwili yenye mistari minne myeupe, na mwenye gari hakujua upi ni upi.

Mini zilizotoka baadaye zina meno ya alama kwenye kava la cheni, upande wa puli. Huko utahitaji kulala chini na kuchungulia kati ya puli na bodi. Kioo ni kilekile.

Sasa kuizungusha krenki. Watu huweka gia ya nne na kulisukuma gari. Inawezekana, lakini unapita alama kila mara. Njia ninayoipenda ni hii: toa plagi zote nne ili mgandamizo usikusumbue, vuta brek ya mkono, ambayo kwenye Mini inashika magurudumu ya nyuma tu, ziba magurudumu hayo kwa mawe, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi. Weka gia ya nne. Ukilizungusha gurudumu hilo kwa mkono, injini inazunguka.

Kwa sababu gurudumu la pili limekaa chini halizunguki, difu inagawanya mwendo, na mzunguko mmoja wa gurudumu unakupa karibu mizunguko miwili ya krenki. Kwa tairi dogo la inchi 10, kusogeza mpira kwa milimita 2 na kitu ni karibu digrii moja ya krenki. Hakuna spana itakayokupa utulivu huo. Unashika mpira kwa vidole, msaidizi anatazama kioo, anasema "bado, bado, hapo."

Zungusha kwa kwenda mbele tu. Ukipita alama, rudi nyuma robo ya gurudumu nzima kisha uje tena mbele. Gia zina mchezo, cheni ina mchezo, na gia inayoendesha distribyuta ina mchezo wake. Ukiikaribia alama kwa kurudi nyuma, mchezo wote huo unaingia kwenye kipimo chako.

Alama ikikaa, bado hujui kama ni silinda ya kwanza au ya nne inayotaka kupiga. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa rejeta. Fungua kava la valvu: valvu mbili za silinda ya nne zikiwa zinapokezana, moja inafunga na nyingine inafungua, basi ya kwanza ndiyo iko kwenye moto. Rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kofia ya distribyuta, inapaswa kutazama waya wa plagi ya kwanza. Mpangilio ni 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa.

Ya Mwalimu tuliiweka hivyo. Kisha nikaunganisha balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye ule waya mwembamba wa distribyuta, mwingine kwenye bodi, nikafungua swichi. Pointi ni vile vyuma viwili ndani ya distribyuta vinavyokata umeme ili cheche ipigwe. Zikifungana balbu inazima, zikiachana inawaka, na pale inapowaka ndipo cheche inapopigwa. Mwalimu mwenyewe akazungusha gurudumu polepole. Balbu ikawaka mstari wa digrii 10 ukiwa bado haujafika kwenye kielekezo. Kwa kukadiria, ilikuwa digrii 14 kabla ya kilele. Kipimo cha injini yake ni 5.

Inagonga mlimani

Taiming iliyo mbele ndiyo sababu ya kwanza. Lakini kwa nini haikugonga Eldoret? Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kwenye 1,130 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, silinda inajaza kidogo, presha ya mwako ni ndogo, na injini inavumilia moto wa mapema. Ukiishusha Kisumu, hewa ni nzito zaidi na joto la mchana liko juu, kosa lilelile linaanza kusikika. Gari lolote la zamani linaloshuka kutoka Eldoret, Timboroa au Molo lipimwe upya kabla hujalaumu kitu kingine.

Ukishaseti na bado inagonga, fuata mlolongo huu. Fungua kofia ya distribyuta, shika rota uizungushe kidogo kwa mwelekeo wake, kisha iachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa springi. Ikibaki ilipo, springi ya uzito wa ndani imelegea au imekatika, na moto unakimbia mbele mapema mno injini inapoongeza mwendo. Taiming ya balbu haitakuonyesha hilo, kwa sababu injini imesimama.

Angalia pia mpira wa vakyumu, ule unaopeleka mvuto kwenye distribyuta, umechomekwa wapi. Kwenye kabureta kuna mrija wake mdogo. Nimekuta umeunganishwa kwenye manifoldi, ambako mvuto upo hata gari likisimama, na hapo vipimo vyote vinavurugika.

Halafu petroli. Kuna petroli inayochanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayastahimili presha. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita moja ya mafuta ya taa mwaka 2018 hasa kupunguza mchezo huo. Dalili yake ni kwamba gari lilikuwa sawa, ukajaza, likaanza kugonga siku hiyohiyo bila mtu kugusa distribyuta. Ukiona hivyo usirudishe taiming nyuma kulifuata petroli baya. Maliza tanki kwa mguu mwepesi, jaza kwingine.

Nzito, inachemka, eksosi inapasuka

Hii ni taiming iliyo nyuma. Moto unapigwa pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, nguvu inapotea, na joto lililotakiwa kusukuma pistoni linatoka kwenye eksosi na kuingia kwenye maji. Mwenye gari husema rejeta imeziba. Huenda imeziba kweli, lakini tazama taiming kwanza, maana ni kazi ya nusu saa na haina gharama.

Pointi ndizo mshukiwa wa kwanza. Kile kisigino cha pointi kinachopanda kwenye kemu ya distribyuta kinalika kidogokidogo. Kinavyolika, nafasi inapungua, pointi zinachelewa kuachana, na taiming inarudi nyuma yenyewe bila bolti kulegea. Kwenye distribyuta ya Lucas 25D, ambayo Mini nyingi za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 zinayo, nafasi ni milimita 0.36 hadi 0.40. Pima kwa fila geji kisigino kikiwa juu kabisa ya pembe ya kemu. Kama pointi zimeota kipele upande mmoja na shimo upande wa pili, fila itakudanganya, kwa sababu inapita juu ya kipele wakati nafasi yenyewe ni kubwa zaidi. Badilisha.

Na hapa wengi hukosea mpangilio: nafasi ya pointi kwanza, taiming baadaye. Ukiseti taiming halafu ukagusa pointi, umeibadilisha tena.

Ikiwa nafasi iko sawa na gari bado ni zito, nyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo, kofia ikiwa wazi. Sahani inayobeba pointi inatakiwa isogee na ibaki imesogea ukiziba mpira kwa ulimi. Ikirudi, diaframu imetoboka. Ikiwa haisogei kabisa, sahani imekwama. Na ile rota uliyoizungusha kwa mkono, kama ni ngumu, uzito wa ndani umeshikwa na kutu. Magari yaliyokaa miaka kwenye boma bila kuwashwa yana ugonjwa huu mara nyingi. Ukivua sahani na kuzisafisha, weka matone mawili ya mafuta mepesi, na grisi kidogo, ya ukubwa wa punje ya mtama, kwenye kemu. Grisi ikizidi inarukia pointi.

Kuna kosa moja la uzito wa namna hii ambalo si taiming hata kidogo. Petroli yenye risasi iliondolewa hapa kwetu kufikia mwaka 2006, na vichwa vya zamani ambavyo havijawekewa viti vigumu vya valvu ya eksosi hulika taratibu. Valvu inazama, nafasi ya tapeti inaisha, valvu haifungi vizuri, mgandamizo unapungua. Mtu anaona gari limepoteza nguvu, anasogeza distribyuta mbele kutafuta nguvu hiyo, na anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Tapeti za Mini ya kawaida ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Zipime kabla.

Stata inarudishwa teke

Ukipiga stata injini inasita, inapiga teke nyuma, halafu inaendelea. Moto uko mbele sana, unakutana na pistoni ikiwa bado inapanda. Usiendelee kujaribu, utavunja meno ya flaiwili. Ikiwa badala ya teke inapasuka kupitia kabureta na haiwaki kabisa, na mtu alikuwa ametoa distribyuta na gia yake, basi imerudishwa ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Rudi kwenye valvu za silinda ya nne, uangalie rota inatazama wapi.

Alama inaruka chini ya taa

Ukitumia taa ya taiming, toa mpira wa vakyumu na uzibe kwa msumari. Mini zilizotengenezwa kabla ya 1969 zina chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa, kwa hiyo klipu nyekundu ya taa inakwenda kwenye bodi. Usifuate rangi ya waya wa betri, maana umebadilishwa mara nyingi. Fuata alama iliyo kwenye betri yenyewe.

Alama inatakiwa itulie. Ikicheza digrii mbili tatu huku na huku, shika shafti ya distribyuta uitikise kwa pembeni. Kama inacheza, bushi imekwisha, na nafasi ya pointi inabadilika kila silinda. Kama shafti imekaza, rudi kwenye gurudumu: zungusha mbele mpaka alama ikae, kisha rudisha nyuma polepole huku mwenzako akitazama rota. Ukihesabu digrii nyingi za flaiwili kabla rota haijaanza kutikisika, cheni imelegea. Hiyo haitibiki kwa kuseti.

Vipimo viko sawa, gari haliko sawa

Hapa ndipo panapotaka uvumilivu, maana lazima ushuku alama yenyewe. Flaiwili inaweza kuwa ya injini nyingine. Kielekezo kinaweza kuwa kimepindwa na bisibisi. Kwenye zile za 1275 zenye puli ya vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa mpira, mpira ukizeeka ule ukingo wa nje unateleza na alama inahama nao.

Thibitisha kilele kwa kizuizi. Chukua plagi kuukuu, vunja kauri yake, mwambie mchomeleaji akupachikie bolti katikati, ncha ya bolti ikiwa imeviringwa. Mafundi wa jua kali watakufanyia wakati unasubiri. Usikifunge kwanza. Bandika utepe wa karatasi kwenye ukingo wa flaiwili kupitia tundu, ukilisogeza gurudumu kidogokidogo mpaka utepe ukae pande zote mbili za mstari wa 1/4, na uchore mstari huo juu ya utepe. Sasa rudisha krenki nyuma ili pistoni ishuke kutoka kileleni, funga kizuizi kwenye silinda ya kwanza, kichomoze kidogo tu, kisha zungusha mbele taratibu mpaka pistoni iguse bolti. Tia alama kwenye utepe mbele ya kielekezo. Zungusha nyuma karibu mzunguko mzima wa krenki mpaka iguse tena, tia alama ya pili. Yote kwa mkono, stata usiiguse, na betri iwe imetolewa.

Bandua utepe, ukunje alama juu ya alama. Mkunjo ndio kilele halisi. Ukiangukia kwenye mstari wa 1/4 uliouchora, flaiwili inasema kweli. Ukianguka pembeni, sasa unajua uongo wake ni milimita ngapi, na unaweza kupaka alama yako mwenyewe.

Inakatakata

Ikikatakata baada ya kupata moto na kupona ikipoa, kagua kondensa na koili. Usizungushe distribyuta.

Ikikatakata mvua inaponyesha, kumbuka distribyuta ya Mini iko mbele ya injini, nyuma tu ya grili. Mvua za jioni za huku zinaingia moja kwa moja. Kausha kofia ndani na nje, tazama kama ina ufa mwembamba mweusi kama unywele, kisha kata ncha za vidole vya glovu ya mpira na uivishe kofia, waya nne zipite kwenye vidole vinne na wa koili kwenye cha tano. Nimeendesha hivyo mpaka Kakamega kwenye mvua kubwa.

Mini ya Mwalimu niliiweka pointi mpya kwa milimita 0.38, nikalegeza bolti ya kishikio, nikarudisha distribyuta mpaka balbu ikawaka kwenye digrii 5, nikakaza. Marekebisho madogo nilifanya kwa ile nati yenye mikwaruzo ya 25D: herufi A ni mbele, R ni nyuma, na milio 11 hivi ya nati ni digrii moja. Tulipanda naye Riat mchana, jua likiwa kali, gia ya tatu. Haikugonga. Alisema imekuwa nzito kidogo kuondoka, nikampa milio 11 upande wa A, tukapanda tena, na ikabaki kimya.

Nikamwambia arudi baada ya kilomita 800, kwa sababu kisigino cha pointi mpya hulika haraka mwanzoni. Alirudi. Nafasi ilikuwa imeshuka hadi 0.33, na alama kwenye kioo ilikuwa imerudi nyuma karibu digrii 3.